Ermete Hapotei

"Siku nitakayopotea kwenye vilima hivi, nifungeni kamba shingoni mnipeleke kwa Morena kama mbuzi wa mnada!"

Maneno hayo Ermete Bartolacci aliyatoa kwenye baa ya Loredana, pale Sant'Ilario, siku ya sikukuu ya mtakatifu wa mji, baa imefurika hadi watu wanakunywa divai nje kando ya mapipa ya taka. Aliyatoa akiwa amesimama juu ya kiti. Ubaya wa kusimama juu ya kiti ukiwa na miaka sabini na tisa ni kwamba baa nzima inakutazama, binti yako akiwemo. Morena alikuwa kando ya mashine ya kahawa, anakoroga sukari. Hakupandisha sauti. Aliweka kijiko kwenye kisosi, akasema:

"Haya, Baba. Mashahidi ni hawa hapa. Ukipotea, funguo za gari ni zangu."

Watu wakapiga makofi. Ermete naye akapiga makofi, akapiga weee, kisha mikono ikamsimama hewani. Alikuwa anashangilia nini hasa?

Mambo hayakuanzia pale. Wakati wa baridi Ermete alikwenda Macerata kwa daktari wa meno, akarudi jua limeshazama, akiwa na hadithi ndefu ya barabara iliyofungwa. Barabara hiyo hakuna mtu mwingine aliyeiona imefungwa. Tangu siku hiyo Morena akawa anamtazama baba yake kama mtu anavyotazama maziwa yaliyolala nje ya friji: hayajaharibika, lakini unayanusa kwanza.

Na funguo hizo si kitu kidogo. Ermete maisha yake yote alisambaza mitungi ya gesi kwenye vilima vile, isipokuwa Castel Gelso, eneo la msambazaji mwingine. Kila jiko alilijua, na kila mbwa, na kila mama aliyesema nitalipa wiki ijayo. Kibao cha barabara hakuwahi kukisoma. Alikwenda kwa sura ya nchi: mnara wa kengele unaoinama, mistari ya mizabibu, nyumba ya yule mwenye bawasiri, kata kushoto. Sasa amestaafu, amefiwa na mke, amebaki na Fiat Panda ya kijani iliyopauka hadi ikafanana na mchicha uliochemshwa mara mbili. Mnyang'anye hiyo, na Jumapili Sant'Ilario basi halipiti kabisa, atabaki na benchi la nje ya baa, katikati ya wazee wanaosomeana shinikizo la damu kama matokeo ya mpira.

Kwa hiyo Jumapili ile ya Agosti, alipowasha Panda kuwatembeza rafiki zake wawili, kila mtu ndani ya gari alijua kinachopimwa.

Kiti cha mbele alikaa Oreste, kinyozi mstaafu, ambaye mkasi aliuacha lakini mdomo hakuuacha. Nyuma alikaa Iolanda, fundi cherehani, mjane, aliyevaa gauni la bluu la kutokea na mkoba mapajani. Safari ilikuwa wazo lake. Alitaka kwenda Roccamura kuliona tena kanisa alilofungia ndoa akiwa msichana. Hakuwa amelikanyaga tangu siku ile, maana kabla keki haijaisha mumewe aligombana na ndugu zake juu ya kisima, akaapa hatarudi kwao, na akafa hajarudi. Baada ya kanisa wangekula bata bukini, kwa kuwa Jumapili hiyo Roccamura walikuwa na sagra yao, ile karamu ya kijiji ya kila mwaka.

Lakini kabla hajaingia garini, Iolanda aliitwa pembeni na Morena.

"Shangazi Iolanda, wewe ndiye macho yangu. Jioni utaniambia ukweli. Apa."

Iolanda akaapa kwa roho ya marehemu mumewe. Ermete aliona yote kwenye kioo cha pembeni.

"Basi tunatembea na mpelelezi," Oreste alisema gari lilipoondoka. "Iolanda, umeficha redio wapi, kwenye sidiria?"

"Nyoa ulimi wako, Oreste. Nimeapa tu kusema ukweli."

"Ndiyo hiyo inayonitisha."

Mambo yalianza vizuri. Walisimama kwenye ukuta wa juu ya bonde, wakatazama milima ya Sibillini, Oreste akasema iko palepale ilipokuwa mwaka jana, wakarudi garini. Walipita alizeti zilizoinamisha vichwa kama wanafunzi waliofeli. Vioo vilikuwa chini, upepo unamvuruga Iolanda nywele alizozilipia jana yake. Ermete alikuwa anapiga mluzi.

Mluzi ulikatikia njia panda.

Njia panda yenyewe ina kikanisa kidogo cha Bikira Maria, kiasi cha kabati, chenye maua ya plastiki, na mbele yake nguzo yenye vibao vitatu: kimoja cha Sant'Ilario walikotoka, kimoja cha Roccamura, kimoja cha Castel Gelso. Ermete aliwasha taa ya kukata kushoto.

"Unakwenda wapi?" Oreste aliuliza.

"Roccamura."

"Kibao kinasema Roccamura kulia."

"Roccamura ni kushoto."

"Ermete, soma mwenyewe. Ka-ste-li Ge-lso, kushoto. Ro-kka—"

"Nimesoma! Kibao kimekosea."

"Ahaa. Kibao kimekosea. Na ile barabara ya Macerata ilifungwa."

 Ermete alifunga breki, gari likabaki katikati ya njia linatetemeka. Nyuma yao mtu akapiga honi. Ermete alitafuta mnara wa Roccamura juu ya miti upande wa kushoto, ule mnara uliomwongoza miaka yote, na hakuuona. Kulikuwa na ukungu wa joto na kilima kitupu. Alitazama kulia: ukungu uleule, kilima kilekile. Alihisi kama mtu aliyeingia chumbani mwake akakuta kitanda kimehamia ukuta wa pili na kila mtu anamwambia kimekuwa hapo siku zote.

"Mkoa ndio uliokiweka hiki kibao," Oreste alisema, sauti imepoa kidogo.

"Mkoa haujawahi kupeleka mtungi wa gesi Roccamura."

Ndipo Iolanda akainama mbele, akamgusa bega.

"Ermete," alisema taratibu, kwa sauti ambayo watu huitumia hospitalini, "kusoma kibao si aibu."

Sauti ile ndiyo iliyommaliza. Angetukanwa, angekata kushoto na kufika. Alizima taa ya kushoto, akawasha ya kulia.

Kijiji walichofikia kilikuwa na lango la mawe, uwanja mmoja, chemchemi na kanisa lililovikwa jukwaa la mabomba ya mafundi tangu tetemeko la ardhi. Sasa, vijiji vya vilima vile vyote vina lango la mawe, uwanja, chemchemi na kanisa lililovikwa mabomba. Ukimwamsha mtu usingizini ukamweka katikati ya kimojawapo, atataja jina kwa kubahatisha. Ermete alipaki, akageuka huku, akageuka kule, akakuna kidevu.

"Hapa palikuwa na duka la mbolea," alisema.

"Limefungwa. Maduka yanafungwa," Oreste alijibu. Kisha naye akakunja uso. "Ila mimi nilikuwa na mshindani wangu hapa, kinyozi mmoja mwizi, duka lake lilitazamana na chemchemi. Hilo ni duka la dawa."

"Basi alikufa."

"Bila kuniambia?"

Kanisa lilikuwa limefungwa, na ufunguo, kama kawaida, ulikuwa kwa jirani. Jirani akatoka anafuta unga kwenye aproni, mwanamke mnene aliyejitaja kwa jina la Clelia, akawafungulia huku akiwahimiza wasikawie maana ana tambi jikoni. Iolanda aliingia peke yake kwanza, mkoba kifuani, kama bibi harusi. Wenzake wakamfuata baada ya heshima kidogo. Walimkuta amesimama mbele ya altare anatazama sakafu.

"Palikuwa na kidaraja cha ngazi hapa," alisema. "Nilijikwaa, shela ikanivuka kichwa, padri akacheka mbele ya watu. Kiko wapi?"

"Tetemeko, dada yangu," Clelia alisema kutoka mlangoni. "Baada ya tetemeko mafundi wamegeuza kila kitu."

"Na Bikira Maria alivaa nyekundu."

Walimtazama wote. Alivaa bluu.

"Wamemsafisha labda," Oreste alisema.

"Uchafu ndio uwe mwekundu?"

"Mimi ni kinyozi, Iolanda, si mchoraji."

Iolanda akapiga magoti. Akakaa hapo kitambo, kisha akasimama, akajipangusa. "Ajabu," alimwambia Ermete chini chini walipokuwa wanatoka. "Nimekuja na leso mbili. Nilidhani nitalia hadi ziloe zote. Hakuna kitu. Ni kama nimeingia kanisa la watu." Kisha akamtazama kwa wasiwasi. "Huwa inakuwa hivyo? Unasahau hadi mambo yako mwenyewe?"

Ermete alitazama tena pale palipopaswa kuwa na duka la mbolea. 

Meza za sagra zilikuwa zimepangwa chini ya turubai, ndefu, watu bega kwa bega, watoto chini ya meza, na juu yake bango lililoandikwa BATA BUKINI WA KWELI. Sahani zikaja, nyama imeokwa vizuri, viazi pembeni, divai kwenye jagi. Ermete akakata kipande, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, polepole.

Bata bukini wa Roccamura hujazwa shamari ya porini, kiungo chenye harufu tamu. Kila Agosti alipopeleka mitungi alikuwa akipewa paja jikoni kwa mtu, na harufu ya shamari ilikuwa inamfuata garini hadi Jumanne. Huyu hakuwa na shamari. Au alikuwa nayo? Akanusa. Akainamia sahani akanusa tena, hadi mama wa meza ya jirani akavuta sahani yake kwake.

"Una nini?" Oreste aliuliza, mdomo umejaa.

"Unasikia shamari?"

"Sisikii. Mimi nimevuta sigara tangu darasa la nne, sisikii hata soksi zangu."

Ermete alikumbuka kipindi kimoja cha televisheni. Daktari kijana mwenye tai alisema, anatabasamu, kwamba kwa baadhi ya wazee kitu cha kwanza kuondoka ni pua, kisha njia, kisha majina ya watoto. Barabara ya Macerata. Mnara usioonekana. Duka la mbolea. Sasa pua.  Alilitafuta jina la Morena kichwani, akalipata. Akalitafuta tena kuhakikisha.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka mezani mbele ya Iolanda, kati ya mkate na jagi.

"Chukua," alisema. "Mpe Morena. Mwambie sikubishana."

Iolanda alizitazama zile funguo kama mtu aliyewekewa panya mezani. Hakuzigusa.

"Oreste ataendesha," Ermete aliongeza.

"Mimi? Nimekunywa," Oreste alisema haraka, akajimiminia glasi nyingine ili iwe kweli. Lakini hakucheka, na Oreste kutocheka kulimtisha Ermete kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Hapo kipaza sauti kikakoroma, kikapiga filimbi, na sauti ya mtu aliyeshiba ikasema: "Wageni wapendwa, Castel Gelso inawashukuru kwa kuja kwa wingi! Kitindamlo kiko kushoto!"

Ermete aliinua kichwa.

"Amesema wapi?"

"Kushoto," Oreste alijibu.

"Kijiji! Amesema kijiji gani?"

Mbele yao alikuwa amekaa jibaba moja lenye kitambaa kimechomekwa kwenye kola, limekula kimya muda wote. Likawatazama mmoja mmoja, na tumbo likaanza kutikisika kabla sauti haijatoka.

"Ninyi mlikuwa mnakwenda Roccamura," lilisema. "Eeh? Mmefuata kibao?" Likageuka kuita meza ya pili. "Wee Gualtiero! Wengine hawa!" Meza ya pili ikashangilia, mtu akainua glasi kwa afya yao. "Msikasirike, wazee wangu. Sagra zote mbili ni leo, wao hawataki kuhama siku, sisi hatutaki. Kwa hiyo usiku wa kuamkia sagra vijana hubadilisha vibao pale njia panda. Mwaka jana wao walitufanyia, tukabaki na bata wanatutazama. Mwaka huu ni zamu yetu."

"Na mnara wa Roccamura?" Ermete aliuliza. "Mbona hauonekani pale barabarani?"

"Mnara upi? Waliushusha nusu baada ya tetemeko, usije ukawaangukia. Hukujua?"

Ermete alizikwapua zile funguo mezani kwa kasi hadi jagi likayumba.

"Nilisema kushoto!" Alikuwa tayari na mguu mmoja juu ya benchi. "Oreste, nilisema au sikusema? Kushoto! Shahidi! Mpelelezi! Nilisema nini?"

"Shuka, utavunja nyonga," Iolanda alimvuta suruali. "Ulisema kushoto. Nitamwambia." Kisha mikono yake ikalegea. "Ina maana lile si kanisa langu. Nimempigia magoti Bikira wa watu wengine."

"Atakuhesabia tu," Oreste alimtuliza. "Ni yuleyule, kabadili nguo."

Iolanda alitaka kucheka, ikashindikana. Saa zilikuwa zimekwenda. Morena alikuwa amewaambia atawawekea chakula cha jioni, na kupanda Roccamura sasa kungewachelewesha. Turudi nyumbani, alisema, nitaliona mwakani nikiwa hai. Alisema hivyo akitazama kando.

Kurudi, Ermete aliendesha kama mtu aliyepewa nishani. Alieleza kushoto kwake mara tatu, kila mara kwa ushahidi mpya. Alikuwa bado anaeleza walipofika kwenye kikanisa chenye maua ya plastiki, akasimama. Kibao cha Sant'Ilario kilielekeza kushoto.

Akacheka kwa pua.

"Hamnipati mara mbili, watoto wa Castel Gelso," alisema, akakata kulia.

"Ermete," Iolanda alisema, "asubuhi hatukupita upande ule wenye alizeti?"

"Alizeti ziko kila mahali."

"Lakini waligeuza viwili tu. Cha kwetu wakigeuze kwa faida gani?"

"Kibao kiseme uongo asubuhi, jioni kiwe kimeungama? Nguzo ni moja! Iolanda, leo nimepotezwa mara moja kwa sababu ya kusikiliza watu. Basi."

Ilikuwa hoja nzuri. Oreste mwenyewe alikiri ni hoja nzuri. Ubaya wake ni mmoja tu: maisha yake yote Ermete alikwenda kwa kutazama vilima, na pale njia panda hakuvitazama. Alitazama kibao, ili akikatae.

Barabara ilianza kupanda. Ya nyumbani hushuka. Ermete aliingiza gia ya pili, halafu ya kwanza, na kila kona aliyokata aliongea kidogo kuliko ile iliyotangulia. Kisha lango la mawe. Uwanja. Chemchemi. Kanisa lenye mabomba ya mafundi na mnara wa kengele uliokatwa kama penseli. Na kupitia kioo kilichokuwa chini ikaingia harufu, nzito, tamu, isiyo na ubishi wowote.

Shamari.

Alizima injini palepale katikati ya uwanja.

"Hapa ni Roccamura," alisema.

 Mkabala na chemchemi palikuwa na duka la kinyozi, limefungwa kwa kuwa ni Jumapili. "Mwizi yu hai," Oreste alinong'ona.

Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, mtu anafagia baada ya misa. Iolanda alishuka bila kuaga. Walimwona anaingia, mkoba kifuani, na kutoka ndani wakasikia kishindo kidogo, na "Jamani!", kisha kimya. Oreste akafungua mlango wa gari kumfuata. Ermete akamshika mkono.

"Mwache. Ni kidaraja."

Alikawia. Kwenye meza za sagra watu walikuwa wanakunja vitambaa. Bata walikuwa wameshaondolewa, na sahani safi nyingi zilikuwa zimebaki zimepangwa, zaidi ya walivyotaka wao. Mzee mmoja akawajia, akauliza kama na wao walipelekwa kwa wale majambazi wa Castel Gelso. Walipokubali, akawapa pole kama ya msiba, akaenda akarudi na tikiti maji zima, akamwekea Oreste mapajani, na kukataa katakata hata kusikia habari ya malipo.

Iolanda alirudi macho mekundu, leso zote mbili zimeloa, anachechemea kidogo. Akakaa, akafunga mlango taratibu.

"Nyekundu," alisema. "Amevaa nyekundu."

Ermete alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Alikuwa anajaribu kuipanga siku, na siku haikupangika. Asubuhi alikuwa sawa, wakafika kusiko. Jioni alikosea, wakafika penyewe. Sasa yeye ni nani kati ya hao wawili?

"Iolanda," alisema, "asubuhi sikupotea. Sasa hivi nimepotea. Uliapa."

"Umetufikisha tulikotaka kwenda," Oreste alisema, akilipakata tikiti kama mtoto wa watu. "Umechelewa tu."

Iolanda alikuwa anajitazama kwenye kioo cha mkobani, anarekebisha nywele. Gari likaanza kushuka. Kisha alisema, kama anazungumza na kioo: "Niliapa kwa roho ya marehemu. Na marehemu alikuwa mtu wa Roccamura; kufika kwao hatakuita kupotea."

Morena alikuwa nje ya geti, mikono imekunjwa, aproni bado kiunoni. Alisubiri taa za gari zizimwe. Hakumtazama baba yake. Alimtazama Iolanda.

"Mmechelewa, Shangazi. Amepotea?"

Iolanda alishuka, akanyoosha gauni.

"Tulisimama kununua tikiti."

Morena akalitazama tikiti mikononi mwa Oreste. Akamtazama Oreste. Akalitazama tikiti tena.

"Zuri," alisema. "Mmenunua bei gani?"

Hawakuwa wamelipanga hilo. Oreste akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu. Iolanda akaanza kutafuta kitu mkobani. Ermete akazungusha kioo cha gari hadi juu, akashuka, akafunga mlango, akatia funguo kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

"Yuro nne," alisema.